Machicha kwenye Sinia

Mjukuu wangu Salma,

Huku Mtoni tu wazima, alhamdulillahi. Mama yako mdogo kajifungua mtoto wa kiume. Unaniuliza kama umshike mwanao mkono kwa nguvu, maana kila ukimpa donge la unga ulilomtengenezea achezee, hulia na kulikimbia.

Miaka ya hamsini, mimi msichana nyumbani kwetu mjini, kaka yangu alikuwa na binti mdogo, Zuhura. Kitu chochote cha majimaji kikimgusa vidole alipiga kelele, hata wali alilishwa kwa kijiko.

"Ijumaa atakula kwa mkono, sinia moja na sisi," kaka aliapa. "Mkono wake nitautia mwenyewe."

Niliogopa, nikatafuta kitu cha kumzoesha kwa mchezo kabla ya siku hiyo. Unga ni riziki, mama asingekubali uchezewe. Nikachukua machicha ya nazi yaliyokwisha kukamuliwa, nikayakausha, nikatia manjano, nikamwekea Zuhura kwenye sinia. Kila siku niliyarudishia maji kidogo. Sikumwambia aguse.

Alhamisi yalikuwa yameloa kabisa. Akaingiza kidole. Mara kaka akatokea mlangoni.

"Kumbe anaweza!"

Akachuchumaa, akanyoosha mkono amkamate.

"Kaka, nakuomba," nilisema.

Zuhura alijibana ukutani, akimtazama. Mkono wa kaka ulibaki wazi. Kisha mtoto akachota machicha, akamwekea kiganjani.

"Kula, baba."

Kaka akajifanya anatafuna. "Matamu," alisema.

Ijumaa Zuhura alikula kwa kijiko, na kaka ndiye aliyemletea.

Ni mimi bibi yako, ninayekuombea subira.