Njia Tatu za Nyati

Jumatatu, 3 Juni

Simu tano zimepona leo. Mbili vioo, tatu chaji. Upepo wa Sumbawanga unaingia mpaka ndani ya soksi. Baada ya kazi nimemfungua Nyati, programu yangu ya drafti, kwenye laptopu iliyokufa mara mbili nikaifufua mwenyewe. Kidato cha pili tu mimi, lakini nimefika Lusaka na Lubumbashi kwa lori, na programu nimejifunza kwa video za Wahindi. Nani mwingine mji huu?

Tatizo: Nyati anawaza dakika kumi na moja ndipo acheze kete moja. Anatazama kila njia, hata za kijinga. Kijiweni kwetu sokoni watu wanakuhesabia kwa sauti mpaka thelathini. Ikifika hujacheza, umefungwa.

Na Jumamosi anacheza na Mama Tumaini, bingwa wa kijiwe. Mdomo wangu huu ndio ulioahidi. Nilisema mbele ya wote: Nyati akifungwa, sikanyagi tena kijiweni. Wakapiga makofi. Washenzi. Bila kijiwe nitaongea na nani, na chaja?

Jumatano, 5 Juni

Nimekaa karibu na Mama Tumaini nimsome. Karani mstaafu, mtu wa Mbeya, hajafungwa tangu ahamie huku. Sikutazama mkono wake, nilitazama macho. Yanagusa kete tatu tu. Nyingine ni kama hazipo.

"Unanipeleleza, mwanangu?"

"Nimekuja kukuaga, mama."

"Unaniaga mimi, au unakiaga kijiwe?"

Wamecheka mpaka muuza karanga.

Nimerudi dukani mbio. Sasa Nyati kwanza anazipa njia zote maksi harakaharaka, anachukua tatu za juu, zilizobaki anatupa. Hizo tatu ndizo anazochimba. Sekunde tisa! Nimecheza peke yangu kati ya simu mbovu. Mimi ni mtu hatari.

Alhamisi, 6 Juni

Aibu. Shija, rafiki yangu Msukuma mwenye ng'ombe kule Kaoze, amekuja kuchukua simu yake. Nikamwekea Nyati amjaribu. Shija akamlisha kete mbili za bure, halafu akala nne kwa mpigo. Nyati hakuona kitu.

"Huyu nyati umemfunga nini machoni, kaka?"

Kosa ni langu. Njia yoyote ya kutoa kete bure nilikuwa naipa sifuri, basi inatupwa. Kwa Nyati, duniani hakuna mtu anayelisha. Nimemwambukiza uchoyo wangu. Mimi mwenyewe sitoi kete hata unishikie panga.

Naogopa. Nimeandika: naogopa.

Ijumaa, 7 Juni

Duka sikufungua. Nimeipata!

Kwenye drafti kula ni lazima. Ukimlisha mtu, hana cha kuchagua, anakula tu. Kuifuata njia isiyo na uchaguzi ni kazi ndogo. Basi sasa: tatu za juu, pamoja na zote za kulisha, zake na za mpinzani. Hizo hazitupwi kamwe, hata zikinuka.

Sekunde ishirini na tano. Inatosha, nikisogeza kete haraka.

Shija amerudi na mtego uleule. Nyati ameukwepa mapema kabisa. Shija amekunywa soda yangu kwa hasira. Nikamwongeza ya pili. Alistahili.

Jumamosi, 8 Juni

Nyomi! Mabenchi yamejaa, wengine juu ya magunia ya mahindi. Mimi nachapa kwenye laptopu alichocheza Mama, Nyati anawaza, nami nasogeza vifuniko vya soda kwa niaba yake. Kijiwe kizima kinahesabu. "Ishirini na nne! Ishirini na tano!" Kila zamu hivyo. Jasho kwenye baridi hii.

Katikati ya mchezo Nyati akaniambia nitoe kete. Bure. Nikajua kaharibika. Mkono ukagoma. Ishirini na nane. Kichwani nikaliona benchi langu limekaliwa na mtu mwingine. Ishirini na tisa. Nikasukuma.

"Asante kwa chakula, mwanangu," akasema Mama Tumaini, akala.

Nyati akatoa nyingine. Mama akala, ila safari hii hakushukuru. Alishaona. Nyati akaruka moja, mbili, tatu, nne, akatua kingi.

Hata waliokuwa wakihesabu walisahau namba. Halafu kelele! Nimebebwa mabegani mpaka stendi na kurudishwa. Tumemfunga, mimi na Nyati, mchana kweupe, Sumbawanga yote ikiona! Nimejisifu kwa Kiswahili, kwa Kifipa na kwa kile Kibemba changu cha Zambia. Yote kweli tupu. Kisha nimekaa kwenye benchi langu mpaka soko likafungwa. Makalio yanauma. Raha tupu.

Jumanne, 11 Juni

Mama Tumaini amekuja dukani asubuhi, peke yake. Shikamoo. Marahaba. Jumamosi hakuitaja. Ameomba kucheza na Nyati bila wa kuhesabu. Nimempa kiti, mimi nimekalia ndoo.

Akauliza Nyati anatupa njia zipi. Nikamweleza pole pole, bila kujisifu, sijui imekuwaje.

Akautazama ubao muda mrefu.

"Mimi hapa pembeni sijapatazama tangu nikiwa karani kijana," akasema. Akasogeza kete ya pembeni.

Amefungwa. Amepanga vifuniko upya, akaanzia palepale pembeni. Nimechemsha chai ya maziwa, nikamwekea karibu na mkono.

Nyati anawaza. Mama anasubiri. Hakuna anayehesabu.