Mama, Ule Mkataba Ulikuwa wa Wakaguzi

Mama yangu,

Shikamoo. Nimeandika hivyo kwa mazoea tu, maana wa kuniitikia marahaba hayupo, na hata ungekuwepo sina hakika kama ungeitikia.

Nakukumbuka jikoni kwenye kambi ya timu, nyuma ya ile nyumba tuliyopangishiwa mtaa wa Lizaboni, mwezi wa Juni baridi ya Songea ikikata masikio, umejifunga khanga mbili juu ya sweta la marehemu baba, unasonga ugali wa watu ishirini na tano. Masufuria mawili uliyatia alama ya rangi nyekundu. Hayo yalikuwa ya vijana Waislamu wa Tunduru, yasije yakakaribia kitimoto, nyama ya nguruwe. Saidi, kipa wetu kutoka Nakapanya huko huko Tunduru, alikutania kwamba kwako anashiba kuliko kwa mama yake, nawe ukamjibu ndiyo maana siku hizi haruki, tumbo limemzidi. Miaka kumi na moja, mama. Asubuhi unauza dagaa wa Nyasa kwenye meza yako sokoni, mchana uko kambini. Mshahara wako ulikuwa ukoko na asante.

Timu yetu ya daraja la pili iliishi kwa kutembeza bakuli. Mfadhili akifurahi, wachezaji wanapata nauli. Akinuna, tunakopa basi. Kisha yakaja masharti ya leseni: kila klabu ionyeshe mikataba ya wachezaji na wafanyakazi, malipo ya mishahara, bima ya afya na hesabu zilizokaguliwa. Isiyotimiza haichezi. Masharti yenyewe siyalaumu. Yaliandikwa kwa ajili ya watu kama wewe, wasiendelee kufanyishwa kazi bure. Sisi tukayageuza kazi ya kuchapa na kugonga mihuri. Mwenyekiti alinikabidhi mimi, katibu wake, kazi ya kutengeneza faili, na kwa siku tatu nilichapa mikataba ambayo hakuna aliyekusudia kuitekeleza. Niliifanya vizuri sana. Faili lilipendeza.

Wako nilikuletea jikoni. Nilipaswa kukwambia ni karatasi ya kuwaonyesha wakaguzi. Badala yake nikasema klabu inakuajiri, weka sahihi hapa. Nilitaka kukufurahisha kwa nusu saa. Ulinawa mikono, ukaifuta mara mbili, ukasoma kila mstari kidole kikifuata. Kwenye bima ya afya ukatabasamu. Ukafika kwenye kile kifungu nilichokinakili mahali bila kufikiri, kwamba mwajiriwa haruhusiwi kufanya kazi nyingine, ukaniuliza kama meza ya dagaa nayo ni kazi nyingine. Nikacheka. Nilidhani unatania.

Wiki hiyo hiyo ukamwachia meza mwenzako mliyekuwa mkiuza naye jirani. Nilipopata habari nilikuja mbio kambini kukueleza ukweli, nikakukuta umevaa aproni mpya uliyojinunulia, unawaambia wachezaji kwamba kuanzia sasa atakayechelewa chakula utamwandikia ripoti, kwa kuwa wewe ni mwajiriwa. Wakacheka, nami nikacheka. Nikajiambia nitasema kesho. Kesho hiyo ilichukua miezi mitano. Kila mwisho wa mwezi uliniuliza, nami nikakujibu mshahara umechelewa, na wewe, uliyewamudu wachuuzi wajanja wa soko zima, ukaniamini kwa sababu ni mimi.

Halafu miguu ikaanza kuvimba. Tulikwenda hospitali asubuhi, foleni ndefu. Ulipofika dirishani ukatoa mkataba kwenye mfuko wa plastiki ulimotunza cheti chako cha ndoa, ukamwambia binti wa watu kwamba wewe ni mfanyakazi wa klabu na bima yako imeandikwa pale. Akalitafuta jina lako kwenye kompyuta, kwa upole kabisa, akalitafuta tena. Hakuliona. Ukanigeukia.

"Wewe ndiye katibu," ulisema. "Mweleze."

Nikakueleza wewe. Nilisema kwa sauti ya chini, lakini foleni ilisikia. "Mama, ule mkataba ulikuwa wa wakaguzi tu."

Ulikunja karatasi ukairudisha kwenye mfuko, nikalipa taslimu, ukaonwa, ukapewa dawa, tukarudi. Tulipofika mlangoni ukasimama.

"Kwa hiyo ulijua."

Kambini hukurudi tena. Nilikwenda sokoni kuiomba ile meza, mwenzako akaniambia sasa inamsomeshea watoto watatu, na sikuwa na la kumlaumu. Miezi minne baadaye ulitutoka. Moyo, walisema madaktari, ulikuwa umechoka muda mrefu, na hakuna anayenihesabia kifo chako. Lakini hiyo miezi minne tuliishi nyumba moja tukizungumzia chumvi na maji tu, na hilo la mkataba hatukuligusa.

Msimu huu mwenyekiti akaniletea orodha ya wafanyakazi kwa ajili ya leseni mpya. Jina lako lilikuwamo bado, mpishi wa kudumu. Nikamkumbusha kwamba umefariki. Yeye mwenyewe alibeba jeneza lako, tena alikuwa mbele.

"Najua," akasema. "Lakini marehemu hadai. Weka sahihi yake, si unaijua?"

Naijua. Ile herufi ya kwanza kubwa, na nyingine zinazopanda kidogo kama zinakimbia mstari. Sikuiweka. Wakaguzi walipokuja, wakanywa chai, wakalisifu faili, nikasimama nikawaambia kwamba mpishi wanayemsoma pale ni mama yangu, amekufa, hakuwahi kulipwa hata shilingi moja, na waliomo humo wengi ni hivyo hivyo. Mwenyekiti akasema nina msiba, nisamehewe. Nikawapa cheti chako cha kifo.

Leseni tumenyimwa. Msimu huu timu haichezi, na mjini mchawi ni mimi. Jirani anazima redio nikipita ili nisikie vizuri anavyonisema. Mwenyekiti anatangaza kwamba nimeua timu ya wana Songea kwa chuki binafsi. Chuki ninayo, sikatai. Namchukia yeye, nakichukia kile kiprinta nilichochapia mikataba, na siku nyingine najichukia mwenyewe kuliko vyote hivyo.

Nilidhani angalau wachezaji wataniona nimewatetea. Juzi Saidi alikuja kuniaga, anarudi Nakapanya kwenye mikorosho ya baba yake. Alikataa chai. Alisimama na begi lake begani, akaniuliza bila ukali wowote, "Dada, haya ulishindwa nini kuyasema mama akiwa hai?"

Akaenda stendi bila kungoja jibu. Mimi nimekaa siku tatu na kalamu hii nikilitafuta, na nimelipata, nakupa wewe kwanza kwa kuwa ni lako. Ningesema siku ile pale jikoni, usingeweka sahihi, klabu ingekosa leseni, nami ningefukuzwa, nawe ungebaki na meza yako. Hayo tu, mama. Niliogopa kufukuzwa ukatibu, na kwa ukatibu wenyewe hata mimi sikuwa nikilipwa.

Pumzika. Sikuombi unijibu.

Ni mimi, binti yako.