Kaburi Lisilo na Mtu

Jumatatu, 4 Novemba

Nimebeba ndoo ya maji toka kisima cha msikiti, nimemnyunyizia sharifu. Sharifu hayupo. Hajawahi kuwepo. Najua, kwa sababu nilimzika mimi, kwa mdomo.

Naandika nisije nikapasuka. Mke wangu Bi Tatu hawezi kuusoma mwandiko wangu. Hata mimi kwa shida.

Miaka mitatu iliyopita bibi wa miti, bibi shamba wa wilaya, alipita mtaa wetu hapa Kilindoni na miche ya mikungu, ile miti ya kivuli. Kila nyumba mti mmoja mbele, na kila nyumba iumwagilie ndoo mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Uvivu ukanishika. Nikaokota mawe matatu, nikayapanga, nikasema hapa kalala sharifu, babu yangu alinionyesha. Akaomba radhi, akaruka nyumba yangu. Nilicheka siku nzima.

Leo mtaa mzima una kivuli. Kwetu jua. Mtaa umekuwa kama kinywa changu, pengo katikati.

Na ndoo nabeba vilevile. Kaamrisha Bi Tatu. Sharifu asikae kwenye vumbi.

Jumanne, 5 Novemba

Bi Tatu kaanguka mbele ya nyumba akikaanga vitumbua vyake vya kuuza. Saa tatu asubuhi, jua limeshawaka. Alhamdulillahi hakuangukia mafuta.

Hospitali wamesema presha. Asikae juani. Nikamwambia basi hamia chini ya mkungu wa jirani, wateja watakufuata. Kanikazia macho.

"Nimwache sharifu peke yake, Baba Mwajuma? Ndiye anayeniletea hao wateja."

Nina haya. Haya, nimeandika.

Alhamisi, 7 Novemba

Bwana Shabir wa duka la vifaa vya ujenzi kaja na habari njema. Habari njema za watu hunitia homa. Anatoa saruji, sadaka ya marehemu baba yake. Jumamosi mafundi wanakuja. Sakafu juu ya kaburi, ukuta kuzunguka, mlango na kufuli. Ufunguo wangu. Mlinzi wa sharifu, mimi, mpaka nife. Majirani wamenipa mkono wa pongezi. Bi Tatu kalia kwa furaha, kafukiza ubani mpaka nikakohoa.

Alasiri bibi wa miti akapita. Anaziba mapengo, mvua za vuli zimekaribia. Kabakiwa na mche mmoja. Niliutolea macho kama mtoto anayeona halua.

"Shikamoo babu. Hapa kwa sharifu hatugusi."

Nikaitikia marahaba, nikausindikiza mche kwa macho.

Saruji ikishamwagwa, mti basi. Bi Tatu atakaangwa pamoja na vitumbua vyake, na mimi nitakuwa nimeshika ufunguo.

Ijumaa, 8 Novemba

Baada ya swala nilisimama mlangoni mwa msikiti nikasema kweli yote. Hakuna kaburi. Mawe niliweka mimi. Nilikimbia ndoo mbili.

Walicheka mpaka wakakaa chini. Bwana Shabir alishika mbavu. "Mzee Mbwana! Si wewe uliyetuambia papa potwe kule baharini kakuomba sigara?"

Niliwaambia, kweli. Nikaapa kwamba leo sitanii. Wakacheka zaidi, maana na habari ya papa niliapa vilevile.

Maalim peke yake hakucheka. Kaniambia nisifanyie mzaha maiti, siku zangu mwenyewe zimebaki chache. Ahsante, Maalim.

Miaka sabini na nne nawachekesha watu hawa. Leo nimetaka waniamini mara moja tu. Wapi.

Ipo njia. Niseme nimemwota sharifu, kanijia na kanzu nyeupe, anataka mti. Wangepanda msitu kabla ya alasiri. Nimeizungusha kichwani kutwa. Tamu. Lakini huyu mwanamke kayafukizia mawe yangu miaka mitatu, kayaomba hata wajukuu. Nimwongezee na ndoto?

Sitaki. Na mafundi kesho.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimechimba.

Kweupe, saa mbili, watu wakipita. Mafundi walikuwa bado. Nikaondoa mawe, nikapiga jembe. Bi Tatu alipiga ukelele, mtaa ukajaa. Hakuna aliyethubutu kunisogelea. Walidhani nitakauka papo hapo, wakae mbali wasije wakakauka na mimi.

Nilichimba mpaka kiunoni. Mchanga. Kandambili moja ya kushoto. Kipande cha chupa ya chai. Mchanga tena, mpaka mwamba. Nikasema njooni mtazame. Alikuja Bi Tatu peke yake. Alitazama shimo. Alitazama kandambili. Kisha akanitazama mimi, na hapo ndipo nilipotamani kweli pawe kaburi, niingie.

Kaingia ndani.

Bwana Shabir karudisha saruji yake, na mafundi wake. Bibi wa miti kaleta ule mche mwenyewe, tukaupanda. Hakunilaumu. Kanihurumia, ndiyo mbaya zaidi.

Jumapili, 10 Novemba

Homa. Mifupa yote inadai. Mzee kuchimba juani, ungetegemea nini? Mtaani wanasema sharifu kanipiga. Dirishani nawasikia. "Si tulisema? Alihama tu, maskini, kwa kuudhika."

Kwa hiyo wamejua shimo ni tupu na bado yupo. Siachiwi. Maalim kaja kunisomea. Bi Tatu kaniletea uji, kauweka chini, kaondoka. Uji wake mtamu kama kawaida. Neno hakuna.

Jumatano, 13 Novemba

Homa imekwisha. Alfajiri nimefungua mlango, nimekuta ndoo mbili zimepangwa kizingitini. Tupu. Nikazibeba kisimani.

Mtu kaweka asumini kwenye shina la mche. Nimeziacha.

Majani matano. Kivuli chake nimekipima, kinatosha kidole gumba cha mguu. Mpaka kimfikie mtu, sijui kama nitakuwepo.

Bi Tatu karudi kwenye jiko lake, palepale. Nimeweka kigoda changu upande wa jua, karibu naye. Kivuli changu kinamfika begani. Chembamba, kimepinda.

Hajasema neno. Lakini hajasogea.