Kombe Kwenye Betri ya Msikiti

Jumatatu, 24 Februari 1992
Nimewasha jenereta baada ya swala ya alfajiri. Betri za watu walioleta kuchaji nimefungua vifuniko, nimeongeza maji ya mvua, nimeyachuja kwa kitambaa kama kawaida. Ya msikiti imegoma tena kushika chaji. Nimefyonza asidi kwa kipimo, kielea cha ndani kimezama chini kabisa: haina nguvu. Ramadhani hiyo inakuja, na spika ya adhana haina pumzi.

Jumatano, 26
Bwana Hemedi, mwenyekiti wa msikiti, kanisema mbele za watu. Eti tangu mume wangu afariki, betri zinafia mkononi mwangu. Ya msikiti isipopona kufikia Ijumaa, itapelekwa kwa fundi wa Ikwiriri. Nikamwambia, "Betri haijui kanzu wala kanga, kaka." Watu wakacheka. Mimi moyoni sikucheka. Msikiti ukihama, wateja wote watafuata. Ndiyo riziki yangu hiyo.

Alhamisi, 27
Nimenusa marashi kwenye betri! Nikamulika tundu kwa tochi: asidi ya manjano. Zafarani. Subhanallah.
Nikaenda kwa Mzee Shomari, muadhini wetu. Hakunificha. "Mwanangu, ilikuwa hoi. Mgonjwa si tunamwandikia kombe?" Aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani, akaziosha kwa maji ya kisima na marashi, akamimina ndani ya betri. Kwa nia njema kabisa. Nikamweleza kuwa asidi na maji ndivyo vinavyopitisha umeme, na vinataka usafi. Chumvi ya kisima peke yake inatosha kuua. Akanisihi nisimwambie mtu. Hemedi anatafuta sababu ya kuweka muadhini kijana.
Nimemwahidi sitasema. Naogopa, lakini kumuaibisha siwezi.

Ijumaa, 28
Mtihani. Asidi hiyo nimwage wapi? Ina maneno ya Mungu, haikanyagwi. Nimechimba shimo nyuma ya nyumba, pasipopita mtu, nikatanguliza majivu ya kupoza ukali, nikaimwaga. Ikachemka, ikatulia. Kidole kimeungua. Betri nimeisuuza, nimetia asidi mpya.
Baada ya swala Mzee Shomari mwenyewe kasimama, kasema yote. Nilimsikia toka upande wa wanawake. Kisha mtu akauliza betri imeshahifadhi juzuu ngapi za Kurani. Msikiti mzima ukacheka, hata Hemedi. Hemedi kaniomba radhi mlangoni. Nimemsamehe, ila kinyongo kidogo kimebaki. Mungu anitoe.

Jumapili, 1 Machi
Betri inapokea, polepole. Kielea kimepanda nusu. Mzee Shomari kaja, kaketi karibu, anasikiliza mapovu yakipanda kwenye asidi. Kasema ni kama uradi wa baada ya swala. Tumekaa hapo mpaka adhuhuri, akainuka kwenda kuadhini kwa koo lake, bila spika.