Mume Wangu Yuko Seli, Lakini Si Hiyo

Bi Sumayya mpendwa, nakuandikia kutoka Voi na naomba unisaidie kabla ya Jumapili, maana Jumapili mume wangu atapiga simu dukani kwa Miraj na nitatakiwa nijibu, na jibu lililo mdomoni mwangu silo lililo moyoni.

Mwanzia alienda Uholanzi kusoma nikiwa na mimba ya Sheila, na sasa Sheila anatembea, lakini baba yake hajambeba hata siku moja. Kazi yake huko, vile nimeelewa mimi niliyeishia darasa la nane, ni kukusanya habari za protini ambazo seli za wanyama wanaonyonyesha, hata sisi watu, hutengeneza na kuzitoa nje, kisha wanaziweka kwenye intaneti, kila moja na jina lake na inakotoka, ili daktari yeyote duniani azitafute kwa kompyuta. Nikamuuliza zikitoka zinaenda wapi, akafurahi sana, akasema nyingine ziko kwenye hayo maziwa unayomnyonyesha Sheila, na nyingine zinapeleka habari kwa seli za mbali, maana seli haina mdomo.

Basi nikamwambia mama mkwe kwamba Mwanzia huko anashinda na seli. Mama akaangusha mwiko. "Seli? Mwanangu amefungwa, na wewe unakaanga vitunguu?" Nilieleza mpaka nikachoka, lakini kesho yake jirani yetu Philister alikuja na sukari, akanishika mkono: "Pole Mama Sheila. Na kesi itasikizwa lini?" Nilicheka, halafu nikaingia ndani nikalia, kwa sababu nikiangalia vizuri ni kama amefungwa kweli, na mimi pia.

Juzi alipiga akasema kazi haijaisha, wanataka aongeze mwaka, nasemaje? Sheila alikuwa anavuta waya wa simu. Nikasema, "Kaa tu, sisi wazima." Kumbe nyumbani nina shati lake ambalo sijalifua tangu aende, nalinusa. Akasema nifikirie mpaka Jumapili. Je, nikimwita nitakuwa nimemharibia kazi?

Mama Sheila

*

Mama Sheila mwanangu,

Pole sana, na umwambie Philister kesi imesikizwa, hukumu ndiyo hii.

Mumeo anaandika kinachotoka nje tu. Wewe umetoa "sisi wazima", naye ameandika wazima. Seli isiyo na mdomo inapeleka habari mbali. Wewe mwenye mdomo, na simu umeshikilia, unanyamaza! Huo si uvumilivu, ni uongo wa adabu. Na Mwanzia nina ugomvi naye: anayajua majina ya vitu visivyoonekana kwa macho, sauti ya mkewe inayotetemeka haijui?

Jumapili usipoteze dakika kwa salamu. Mwambie, "Mwanzia, nimechoka kukukosa. Nakutaka nyumbani." Kisha nyamaza, usiongeze "lakini". Hujamwambia aache kazi. Muulize kama kitu kinachofunguliwa kwa kompyuta popote duniani hakiwezi kumaliziwa Nairobi. Akisema hakiwezi, basi aje kwanza ambebe mtoto wake, ndipo mwaka huo uanze kuhesabiwa. Hapo usipunguze hata kidogo.

Ukimaliza, mpe mama mkwe simu amsikie mwanawe mwenyewe. Ila wewe kwanza.

Na lile shati usilifue. Atalifua mwenyewe akija.