Lori Likifika Mkuyuni

Jumatatu, 5 Mei 2025
Nimeanza kozi nyingine. Ya kumi na moja! Lugha mpya ya kuandikia programu, wanasema ni nyepesi kuliko zote. Nikiimaliza ndiyo nitaandika programu ya mama — wakulima wa milimani wajue lori la ndizi limefika Mkuyuni kabla hawajajitwika mikungu. Aliniomba hicho tu. Alifariki Januari, mimi bado najifunza.

Kikao cha kikundi cha wakulima ni Jumamosi, nitawaonyesha nilipofikia. Mjomba Kondo, mwenyekiti, kamwalika na Severin alete programu yake. Tunashiriki chumba cha kazi hapa Mafiga. Anajua lugha moja tu, tena ya zamani. Alipoona kozi yangu akacheka: "Dada Nasra, kila siku unanunua jembe jipya. Shamba atalima nani?"

Sikucheka.

Alhamisi, 8 Mei
Nimefuta yote ya wiki hii. Niliona njia bora zaidi, nikaanza upya. Nina ukurasa mmoja wa kijani wenye picha ya mkungu. Mzuri mno. Haufanyi kitu.

Severin katoka saa tisa kwenda kunywa chai. Chai! Namwonea wivu hata anavyozima kompyuta — kama mtu aliyemaliza.

Simu ya mama iko kwenye chaji. Kitochi, simu ndogo ya vitufe, namba tano imefutika kwa kidole chake. Naichaji kila Alhamisi. Sijui kwa nini.

Jumamosi, 10 Mei
Aibu. Programu yangu haikufunguka kwenye simu ya mtu yeyote. Wote wana vitochi! Kama hicho ninachokichaji mwenyewe!

Mjomba akainua chake: "Mwanangu, hii inapiga, inapokea, inamulika njia ya chooni. Basi." Wakacheka kwa upole. Bora wangezomea.

Ya Severin ni meseji ya kawaida. Dereva anabipu namba moja, kikundi kizima kinapata ujumbe. Mwenye mzigo anajibu 1, asiyejibu mashine inamkumbusha. Kaiandika wiki mbili. Wakampigia makofi, mimi nikatazama matope kwenye viatu vyangu.

Kisha akasema wazo si lake. Ni la marehemu Mama Nasra. Alimweleza mwaka jana, siku aliyoshuka mjini kuniletea ndizi.

Jumapili, 11 Mei
Naikumbuka siku ile. Kanga yake ilikuwa imelowa mvua. Nilikuwa na hedifoni masikioni. "Subiri kidogo mama, namalizia somo." Alikaa kwenye benchi saa nzima, akaongea na Severin. Walicheka — niliona midomo tu.

Somo lilikuwa la nini? Sikumbuki!

Programu achukue. Ninachomwonea wivu ni ile saa moja.

Jumatano, 14 Mei
Saa nne asubuhi. Kitochi kimelia!

MAMA NASRA, LORI LIMEFIKA MKUYUNI. KAMA UNA MZIGO JIBU 1.

Severin akapiga simu yangu hapo hapo. Mjomba kampa orodha ya mwaka jana, hakuipitia. "Nisamehe dada. Namba ya mama naitoa sasa hivi."

Nimemwambia subiri kidogo.

Hajakata. Kitochi kiko kiganjani, bado kina mwanga —

Kimelia tena. MAMA NASRA, HUJAJIBU.