Sikio la Kulia

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi ziwafikie hapo nyumbani, wewe, shemeji na wapwa zangu. Natumaini mguu wa shemeji umepona, na kwamba amekubali kuacha kupanda ngazi kama kijana. Sisi huku tu wazima, tunakula na kulala, ingawa usingizi wangu siku hizi ni mwembamba. Wifi yako anakusalimu sana, na watoto wanauliza shangazi yao atakuja lini, hasa huyu mdogo, ambaye bado anazisema zile soksi nyekundu ulizomtumia.

Najua utashangaa kupata barua ndefu namna hii kutoka kwangu, mimi ambaye shuleni insha ya ukurasa mmoja ilinitoa jasho. Uliniita Redio tangu nikiwa na miaka mitano, kwa sababu sikuweza kukaa na neno tumboni hata kwa muda wa kumeza mate. Basi leo Redio ana neno ambalo amekaa nalo miezi minane. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujakasirika, maana ukikasirika mapema utafika umechoka pale penyewe pa kukasirikia.

Nianze na ajali, kwa sababu habari zake ulizipata vipandevipande. Unaijua gereji niliyokuwa nikifanya kazi, ya kunyoosha bodi za magari na kupiga rangi. Tulikuwa na kompresa moja kuukuu ya kujaza hewa, iliyotetemeka mpaka ikawa inatembea yenyewe sakafuni, tukaifunga kwa mnyororo kama mbwa mkali. Valvu yake ya kutolea hewa inayozidi ilipoanza kuvuja, bosi hakununua nyingine, aliamuru izibwe kwa bolti. Tulimwambia zaidi ya mara tatu kwamba ile ni hatari. Alijibu kwamba kompresa ile ilikuwapo kabla sisi hatujajua kushika spana. Asubuhi moja nikiwa nimeinama kuokota karatasi ya msasa, upande wangu wa kushoto ukiielekea, ilipasuka. Mlio wenyewe siukumbuki. Nakumbuka nimekaa chini nimejaa vumbi la rangi ya kijani, na wenzangu wananifunulia midomo isiyotoa sauti.

Sikio la kushoto lilikufa siku ile, na hilo ni kweli tupu, dada. Mpaka leo ukinipigia kelele upande huo, nahisi pumzi yako tu. La kulia liliziba majuma mawili, kisha likazibuka lenyewe.

Bosi alikuja hospitali na mfuko wa machungwa na maneno matamu. Nilipotoka, machungwa yalikuwa yameisha na maneno pia. Alidai mimi ndiye niliyejaza hewa kupita kiasi. Nikapeleka madai kwenye ofisi ya fidia. Hapo fundi mwenzangu, yule tunayemwita Kidevu, akaniketisha na kunishauri kwamba sikio moja watalifanyia mzaha, wataniambia Mungu alinipa mawili kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo niseme yote mawili. Alinishauri kwa nia njema, na waliosema akili ya kuambiwa changanya na yako hawakukosea, ila mimi sikuchanganya chochote. Niliona nimeonewa, na aliyeonewa hujipa ruhusa nyingi. Nikaandikisha masikio yote mawili.

Ndiyo, dada. Kwa mwaka mzima mimi si kiziwi, na mwaka mzima nimekuwa kiziwi. Ni kazi ngumu kuliko kupiga rangi. Nilitembea na daftari kwapani ili watu waniandikie. Wifi yako aligundua juma la pili tu la kujifanya kwangu, maziwa yalipofurika jikoni nami nikaruka kutoka sebuleni. Hakusema nami siku mbili, na ya tatu akaniambia kwamba yeye aliolewa na mtu, hakuolewa na ukuta. Lakini alinifichia. Fundi cherehani wa mlango wa pili alikuwa akinipungia mkono kwa tabasamu huku akimwambia mteja wake kwamba mimi ni mvivu niliyepata kisingizio, nami namrudishia tabasamu lake. Kuna mtu alitumwa na bosi, akajifanya anatafuta chumba cha kupanga, akadondosha funguo nyuma yangu. Sikugeuka. Siku hiyo nilijiona mjanja sana, mpumbavu mimi.

Laiti ingeishia kwenye funguo, nisingekuandikia. Lakini Baba alikuja.

Alikuja kunijulia hali, akakaa siku tatu. Unajua hakuweza kuandika zaidi ya jina lake, kwa hiyo daftari halikumfaa. Tulinywa chai tukatazamana. Siku ya pili, alasiri, tumekaa barazani, mwanangu mdogo akaanguka uani akalia. Nilikwisha kugeuka na kunyanyuka nusu ndipo nikakumbuka mimi ni nani. Nikajifanya nanyoosha mgongo. Baba alinitazama, akautazama ua. Baada ya kitambo aliinuka, akabeba kigoda chake, akanizunguka, akakaa upande wa pili. Nilidhani anakimbia jua.

Kisha akaanza kusema, taratibu, akiangalia mbele. Alisema siku Mama alipozidiwa, alikutaja tangu asubuhi akitaka uitwe. Ndugu walitaka kukupigia simu, naye ndiye aliyewazuia. Hasira ya ndoa yako ilikuwa haijamtoka, na hakutaka urudi kwake kwa kuitwa, alitaka uje mwenyewe. Alidhani Mama ataamka. Siku ya pili Mama akakuulizia tena, naye akazuia tena. Ulipofika Mama alikuwa ameshazikwa, na Baba akakuuliza mbele ya watu wote umekuja kumzika nani, akakufungia mlango. Alisema alikufokea wewe ili watu wasije wakamuuliza yeye. Miaka tisa amekuacha ubebe mzigo wa kuchelewa, na mzigo ni wake. Alisema ungekuja angekuomba radhi hata kwa magoti, ila uso wa kukutafuta mwenyewe hana. Akajifuta macho kwa upindo wa shati, akanionyesha kikombe kwa mkono, kwamba anataka chai.

Hukuchelewa, dada. Mama alikuita, na wewe hukuambiwa.

Nilisikia kila neno. Ningeweza kukuandikia siku ileile. Nilijiambia kwamba ungeuliza kiziwi amesikiaje, ungemuuliza Baba, na Baba angewauliza wengine, na habari ingetembea mpaka kwa bosi. Nikasema ningoje, shauri limebakiza mwezi mmoja. Liliahirishwa mara tatu. Nami kila likiahirishwa nilikuahirisha na wewe, mpaka, mwezi wa tano tangu siku ile ya barazani, Baba akafariki.

Msibani ulikaa nyuma karibu na mlango, kama mtu asiyemjua marehemu. Kisha ulinijia, ukachukua daftari langu, ukaandika ukiuliza kama Baba aliwahi kukutaja. Mafundi wengine wa gereji walikuwa wamesimama pale, na fundi cherehani pia. Nikashika kalamu nikaandika neno moja, kwamba sikusikia. Uliitikia kwa kichwa, ukanishika bega, machozi yakakutoka. Ulikuwa ukinionea huruma mimi kwa ulemavu wangu. Mkono wako bado nausikia begani, na sijui nitaupeleka wapi.

Sasa nafika pale penyewe. Juma lililopita shangazi yetu alikuja kututembelea. Akawa anamsimulia wifi yako jinsi Baba alivyomalizia siku zake kwake, akaeleza kwa masikitiko kwamba mzee mwishoni alianza kuchanganyikiwa. Kila mlango ulipobishwa aliuliza kama ni binti yake. Shangazi alipomuuliza kwa nini anamtarajia mtu ambaye hajamwita, alimjibu kwamba amekwisha kumwita, amemtuma mdogo wake. Shangazi akasema ndipo alipojua akili ya mzee imekwenda, maana ni nani mwenye akili timamu anayemtuma kiziwi apeleke maneno.

Nilitoka nje nikakaa barazani palepale. Alasiri ile Baba alikuwa amekaa kushoto kwangu, upande uliokufa. Alipoamua kusema, alibeba kigoda akahamia kulia. Hakukuwa na jua lolote la kukimbia, dada, baraza lile huwa na kivuli tangu saa sita. Alijua nasikia. Hakunifedhehesha, hakunisuta, alinipa ujumbe wake kwa njia ambayo ningeweza kuufikisha bila mtu kujua. Na miezi mitano alikaa akisikiliza mlango.

Kesho yake nilikwenda ofisi ya fidia. Karani, kama kawaida yake, alichukua karatasi aniandikie, nikamwambia asijisumbue, namsikia kwa sikio la kulia na nimekuwa nikimsikia tangu mwanzo. Aliiweka kalamu chini akalifungua jalada langu. Wakili wa bosi sasa anasema aliyedanganya juu ya sikio moja amedanganya juu ya yote mawili, na jalada huenda likafungwa. Sikio la kushoto litabaki limekufa bure. Sina wa kumlaumu, bosi mwenyewe nimempa fimbo ya kunichapia.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Ukitaka kuja kunitukana, njoo ukae upande wa kulia, nitasikia yote. Ukitaka kunyamaza, nitajua pia.

Msalimie shemeji, wabusu watoto, na uwaambie binamu zao huku hawajambo. Ule ukurasa wa daftari nimeuchana, umo ndani ya bahasha hii. Neno langu sikulifuta, nimeliacha ulione, na chini yake nimeandika jibu la swali lako: Alikutaja, dada. Alikuwa akikungoja.

Ni mimi mdogo wako,
Redio